Kompyuta Moja, Watu Watatu: Rekodi za Mashindano ya Kuandika Programu

Katika michezo yote ya akili, sijui kanuni iliyo bahili kama ya ICPC, mashindano ya dunia ya kuandika programu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Timu ni ya watu watatu, muda ni saa tano, maswali hufika kumi na zaidi, na kompyuta ni moja tu. Hakuna intaneti wala simu. Aliyekalia kibodi amewafungia wenzake wawili, kwa hiyo asiyejua bado anachotaka kuandika anapisha. Walio pembeni wanatumia kalamu. Msimbo uliokataliwa na mwamuzi huchapwa kwenye karatasi, mwenyewe anaondoka nao kwenda kulisaka kosa, na kiti kinakaliwa na mwingine. Kila jibu lililokataliwa kabla ya swali kutatuliwa huongeza dakika 20 za adhabu. Likikubaliwa huletwa puto, kila swali na rangi yake.

Naanza na kanuni hiyo kwa sababu rekodi nyingi nitakazozitaja, za watu, za zana na za mitindo ya kuandika, zimezaliwa na uhaba wa namna hiyo. Na zikitazamwa pamoja zinaonyesha jambo ambalo wanaoanza huchelewa kuliamini: wanaoshinda zaidi hawaandiki kwa mafumbo, wala hawana zana za ajabu. Wanaandika kwa namna ya kawaida kabisa, waliyoizoea hadi haiwadai fikra yoyote.

Waliotwaa mara nyingi zaidi

Mizizi ya ICPC iko Texas, kwenye shindano lililofanyika Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1970. Fainali ya kwanza ilichezwa Atlanta mwaka 1977, na Chuo Kikuu cha Michigan State kikaondoka na ushindi. Kwa miaka mingi Wamarekani walitawala, kisha uzito ukahamia mashariki. Leo hakuna chuo kilichotwaa taji mara nyingi kama ITMO cha Saint Petersburg, Urusi: 2004, 2008, 2009, 2012, 2013, 2015 na 2017. Mara saba katika miaka 13.

Ushindi wa 2015 ulipatikana katika ardhi ya Afrika, mjini Marrakech, Morocco. Maswali yalikuwa 13 na ITMO walitatua yote 13. Katika fainali hizi maswali hutungwa makusudi ili hata bora wa dunia wabaki na kiporo, kwa hiyo karatasi iliyoisha kabisa ni jambo zito kuliko taji lenyewe.

Mmoja wa watatu wale alikuwa Gennady Korotkevich, mzaliwa wa Gomel, Belarus. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufika fainali za dunia mara mbili tu maishani. Yeye alifika 2013 na 2015, na zote mbili alishinda. Ila alikwisha kuwa gwiji kabla hata ya kuingia chuo. Mwaka 2006, akiwa na miaka 11, aliwakilisha nchi yake kwenye IOI, olimpiki ya informatiki ya wanafunzi wa sekondari, iliyofanyika Mérida, Mexico, akarudi na medali ya fedha. Kisha ikaja mvua ya dhahabu: 2007, 2008, 2009, 2010, 2011 na 2012. Dhahabu sita, na katika mitatu ya miaka hiyo alikuwa wa kwanza duniani. Ile ya 2008 aliivaa Cairo.

Baada ya hapo akahamia kwenye mashindano ya watu wazima. Google Code Jam aliitwaa mara saba mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2020. Kwenye Codeforces, uwanja mkubwa uliojengwa na Mike Mirzayanov wa Saratov, kila mshindani ana pointi zinazopanda na kushuka kama za wacheza sataranji. Mwaka 2024 Korotkevich akawa binadamu wa kwanza kuvuka 4000.

Sasa, kitu kizuri kuhusu mchezo huu ni kwamba kitabu cha bingwa kiko wazi. Shindano likiisha, mtu yeyote anaweza kufungua jibu lake na kulisoma mstari kwa mstari, akiwa Arusha au Bujumbura. Namsihi kila kijana anayejifunza afanye hivyo, kwa sababu atakachokikuta kitamshangaza. Hakuna ujanja wa kujionyesha. Kitanzi cha kurudia kimeandikwa kirefu, neno kwa neno, kama kilivyo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza. Nafasi zimeachwa vizuri, mabano yamepangwa, mawazo yanakwenda kwa utaratibu. Mtu aliyeshinda kuliko wote anaandika msimbo ambao mwalimu angeweza kuubandika ukutani.

Desturi inayobishaniwa kuliko zote

Nimesisitiza hilo kwa sababu kambi ya pili ni kubwa na ina kelele. Ni kambi ya makro. Katika C++ unaweza kuiambia kompaila kwamba herufi tatu zisimame mahali pa mstari mzima, na washindani wengi hufungua kila faili kwa lundo la vifupisho: `rep` kwa kitanzi, `pb` kwa kuongeza kitu mwishoni mwa orodha, `ll` kwa namba kamili ndefu. Wapo wenye mistari hamsini ya vifupisho kabla programu yenyewe haijaanza.

Hoja yao ni kasi. Lakini piga hesabu. Jibu la kawaida lina mistari arobaini au sitini. Ukiokoa herufi nane kwenye kila kitanzi umeokoa sekunde chache katika saa tano. Kosa moja lililojificha ndani ya makro, pale ambapo kifupisho kimekokotoa kitu mara mbili bila wewe kuona, linakula nusu saa na adhabu juu yake. Na katika timu ya watatu hasara ni kubwa zaidi, maana mwenzako anayekusaidia kutafuta kosa kwenye karatasi iliyochapwa anasoma lugha uliyoitunga peke yako. Msimamo wangu ni huu: kifupisho unachokitumia kila siku na kinachosomeka na wenzako, kibaki. Vingine vyote ni mzigo.

Ipo makro moja ambayo hata wapole huwakera: ile inayoiambia C++ kwamba kila palipo na `int` pasomwe `long long`. Inafanya kazi. Inamlazimu mwandishi aite programu yake kuu kwa `signed main`, jambo linalowashtua wahandisi wa ofisini, lakini inafanya kazi. Chanzo chake ni namba ambayo nadhani imeangusha majibu mengi kuliko nyingine yoyote: 2,147,483,647. Hicho ndicho kilele cha namba kamili ya biti 32. Ukijumlisha namba laki mbili, kila moja ikiwa bilioni, umekipita mbali sana, na kompyuta haikuambii kitu. Inageuza jumla kuwa takataka, mara nyingine hasi, na kuendelea.

Kosa la ukoo huohuo liliwahi kudumu kwa miaka machoni pa wataalamu. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba utafutaji wa kugawa nusu uliokuwa ndani ya maktaba ya Java, aliouandika yeye mwenyewe, ulikuwa na hitilafu kwa takriban miaka tisa. Ulitafuta katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho, kisha kugawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla inavuka kile kilele. Dawa ni kuchukua mwanzo na kuongeza nusu ya tofauti. Washindani wanaofundishwa vizuri huandika hivyo tangu siku ya kwanza.

Mstari mfupi wenye faida kubwa kuliko yote

Juu kabisa ya karibu kila jibu la C++ utakuta `#include <bits/stdc++.h>`. Mstari huo unaingiza maktaba nzima ya lugha kwa mara moja, badala ya kutaja kila kipande. Ni faili la ndani la kompaila ya GCC, si sehemu ya kanuni rasmi za lugha, na ukihamia kompaila ya Microsoft utakuta halipo. Katika kazi ya ofisini usiuguse. Katika mashindano sioni sababu ya kuuacha.

Lakini mfalme wa mistari mifupi ni ule wa kusoma data. C++ kwa desturi hulinda uelewano kati ya njia yake ya kusoma na ile ya kale iliyorithiwa kutoka C, na ulinzi huo una gharama. Ukiandika `ios::sync_with_stdio(false)` na kuikata kamba inayounganisha kusoma na kuandika kwa `cin.tie(nullptr)`, usomaji wa namba milioni unakuwa mwepesi ghafla. Ongeza hapo kuacha `endl`, ambayo kila inapotumika hulazimisha maandishi yasukumwe nje papo hapo, uweke `'\n'`. Algoriti haijabadilika hata chembe, lakini jibu lililokuwa likikataliwa kwa kuzidisha muda linapita. Wenzetu wa Java wana ugonjwa huohuo na `Scanner`, na dawa yao ni `BufferedReader`. Wa Python husoma ingizo lote kwa mkupuo mmoja kupitia `sys.stdin`.

Kwa ufupi wa wazo lenyewe, hakuna kinachoufikia mti wa Fenwick, uliotolewa na Peter Fenwick mwaka 1994. Unakuwezesha kubadilisha namba yoyote kwenye orodha na kuuliza jumla ya mwanzo hadi mahali popote, kila kazi kwa hatua chache sana: kwa orodha ya milioni moja, hatua zisizozidi kama ishirini. Moyo wake wote ni `i & -i`, hesabu inayonyofoa biti ya mwisho iliyowashwa katika namba. Vitanzi viwili vifupi, basi. Washindani huuandika kwa kumbukumbu, macho yakiwa tayari kwenye swali linalofuata.

Kurasa 25

ICPC inaruhusu timu kuingia na daftari lililochapwa, lisilozidi kurasa 25. Hiyo ndiyo maktaba yote. Kila mstari ndani yake lazima uwe umepigania nafasi: mtiririko wa mitandao, jiometri, nadharia ya namba, ulinganishaji wa maandishi.

Daftari mashuhuri kuliko yote ni KACTL, kazi ya wanafunzi wa KTH, chuo kikuu cha teknolojia cha Stockholm, Uswidi. Ninalipenda kwa nidhamu yake. Kila kipande cha msimbo ni kifupi, kimejaribiwa, na kinakuja na maelezo machache ya muda kinaotumia na mahali kinapoweza kukudanganya. Timu za nchi nyingi hulichapa na kuondoka nalo. Hatari yake ni ileile ya daftari lolote la kuazima: usipolielewa, kunakili kwake kwa mkono chini ya presha kunazaa makosa ambayo huwezi kuyaona. Timu zinazofanya vizuri hulipunguza, hulibadilisha, na kuliandika upya kwa mkono wao wenyewe.

Mtandaoni, ambako kunakili kunaruhusiwa, AtCoder ya Japani ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2020 ilitoa maktaba yake rasmi yenye miundo inayohitajika mara kwa mara, mti wa Fenwick ukiwamo, ili mashindano yapime fikra badala ya ukubwa wa akiba ya mtu.

Namba mbili za hatari

Codeforces ina desturi ambayo sijaiona ikiwa na ukali kama huo kwingineko: mshindani anaweza kulisoma jibu la mwenzake na kutunga data ya kulivunja. Hapo ndipo mitindo ya kizembe inapoadhibiwa hadharani.

Jedwali la hashi la C++, `unordered_map`, kwa kawaida linafanya kazi haraka sana. Lakini ukubwa wa ndani wa jedwali hufuata mfuatano wa namba tasa unaojulikana. Mwaka 2018 Neal Wu alionyesha kwamba ukijaza jedwali vizidishio vya 107897, au vya 126271 kwa matoleo ya zamani ya GCC, funguo zote zinarundikana mahali pamoja na programu inakokota hadi muda unaisha. Tangu hapo, wenye uzoefu huchanganya funguo zao kwa namba inayotokana na saa ya kompyuta, ambayo mshambuliaji hawezi kuitabiri. Na wanaopima usawa wa maneno kwa hashi inayofurika katika biti 64 wana msiba wao: mfuatano wa Thue–Morse, wa herufi mbili tu, huiangusha hashi hiyo kwa msingi wowote utakaochagua, na herufi elfu mbili hivi zinatosha kabisa.

Dhidi ya makosa yako mwenyewe, zana yenye nguvu kuliko zote haiuzwi. Andika jibu la pili, la kijinga, linalojaribu kila uwezekano. Andika kijiprogramu cha kutunga data ndogo ndogo za kubahatisha. Kisha yaache majibu mawili yashindane mara maelfu hadi yatofautiane. Tofauti ya kwanza inakuja na mfano mdogo wa namba nne au tano, na kosa linakutazama usoni. Dakika kumi za kazi hii huokoa saa nzima ya kukodolea macho skrini, na bado wengi wanaiona ni kupoteza muda.

Zana ndogo kuliko zote, na iliyo jirani nasi kuliko zote

Olimpiki ya informatiki ilipoanza mwaka 1989 mjini Pravetz, Bulgaria, na nchi 13, Pascal ilikuwa katika zama zake bora. Turbo Pascal ya kampuni ya Borland, iliyotoka 1983 na kuuzwa kwa dola 49.95, iliweka kihariri na kompaila ndani ya programu moja. Toleo la tatu lilikuwa chini ya kilobaiti 40. Picha moja ya simu leo inaizidi mara nyingi. Pascal haimo tena kwenye olimpiki hiyo; C++ imechukua kiti.

Kihariri kilicho karibu zaidi na Afrika Mashariki ni Vim, na ukaribu huo ni wa kweli. Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, alikitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea kwa mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI ambako watoto wengi walibaki yatima. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kuwasomesha, na akakataa kukiuza kihariri chake. Aliomba tu kwamba anayekipenda awakumbuke watoto wa Kibaale. Hadi leo ukifungua Vim bila faili, mara nyingi skrini inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, na ukiandika `:help uganda` unapata maelezo yote. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kihariri chake kimo kwenye kompyuta za fainali za ICPC, na kila mshindani anayekitumia huko, Mchina au Mpolandi, huenda amelisoma jina la Uganda.

Kuhusu ubora wake, mabishano ya Vim na Emacs na vingine hayajamtoa bingwa. Vim ina faida ya kutokuondoa mikono kwenye herufi, na amri yake ya nukta, inayorudia badiliko la mwisho, ni utamu mtupu. Lakini anayeanza mwezi mmoja kabla ya mashindano asihamie huko. Abaki na alichokizoea.

Uwanja uliokubali lugha nyingi zaidi

ICPC leo inakubali C, C++, Java, Python na Kotlin. Google Code Jam ya zamani ilikuwa na mlango mpana kupita wote: uliendesha programu kwenye kompyuta yako, ukatuma matokeo pamoja na msimbo, kwa hiyo lugha yoyote yenye kompaila ya bure ilifaa. Watu walishindana hata kwa lugha za mzaha. Mashindano hayo, yaliyoanza 2003, yalifungwa 2023, na uwanja wa namna ile naukosa.

Mashine

Septemba 2025, fainali ya ICPC ilifanyika Baku, Azerbaijan, ikiwa na maswali 12. Chuo Kikuu cha Serikali cha Saint Petersburg kilishinda kwa kutatua 11. Pembeni, nje ya orodha rasmi, mifumo ya akili bandia ilipewa maswali yaleyale na saa tano zilezile. Mfumo wa OpenAI ulitatua yote 12: 11 kwa jaribio la kwanza, na gumu kupita yote kwa jaribio la tisa. Gemini ya Google ilitatua 10, likiwamo swali C ambalo hakuna timu hata moja ya binadamu iliyoliweza, lililohusu kugawa kimiminika kupitia mtandao wa mifereji hadi kwenye matangi. Miaka mitatu tu nyuma, mfumo uitwao AlphaCode ulikuwa habari kubwa kwa kufikia kiwango cha mshindani wa wastani.

Julai ya mwaka huohuo, Tokyo, AtCoder iliandaa fainali ya aina nyingine: swali moja lisilo na jibu kamili, saa kumi, na anayepata njia bora zaidi ndiye mshindi. Kazi ilikuwa kuongoza roboti kwenye uwanja wa miraba 30 kwa 30 kwa hatua chache iwezekanavyo. Mfumo wa OpenAI uliingia kama mshindani. Mpolandi Przemysław Dębiak, ajulikanaye kama Psyho, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyohiyo, aliushinda, nao ukawa wa pili. Alikuwa hoi kwa kukosa usingizi wa siku kadhaa. Zana yake katika saa zote kumi ilikuwa Visual Studio Code, na msaada pekee aliouruhusu ndani yake ni ule wa kawaida wa kumalizia maneno.